Toleo Jipya Pembeni mwa la Zamani

Wanafunzi wa lugha tumezoea kuiuliza matini maswali mengi. Nani ameiandika? Mwaka gani? Kwa ajili ya wasomaji gani? Swali moja tunalisahau: imeandikwa kwa chombo gani? Zamani jibu lilikuwa kalamu, baadaye mashine ya taipu, na leo ni kompyuta. Kila chombo kina mipaka yake. Mashine ya taipu iliyotengenezwa kwa ajili ya Kifaransa ilikuwa na é na è, lakini haikuwa na ɛ ya Kilingala, na aliyetaka kuonyesha toni juu ya herufi hiyo ilimbidi aiandike kwa mkono. Kompyuta nayo ina mipaka, ila inaificha vizuri zaidi.

Nataka kueleza hapa kazi moja ndogo iliyonichukua siku kadhaa mwaka huu: kuweka toleo jipya la kihariri cha maandishi kwenye kompyuta inayotumia Linux. Najua kwamba msomaji wa fasihi anaweza kugeuza ukurasa mara tu anapoliona neno Linux. Namwomba avumilie kidogo, kwa sababu kilichonipeleka huko hayakuwa mapenzi ya mashine. Kilikuwa kiambishi -ak-.

Kila mtu wa Lubumbashi anakijua kiambishi hicho hata kama hajawahi kukiita kwa jina. Tunasema baliendaka, tulikuwaka, alisemaka. Vitabu vya sarufi ya Kiswahili sanifu havina nafasi yake, lakini mjini hakuna siku inayopita bila kukisikia. Wakati mwingine kinaonyesha jambo la zamani sana, wakati mwingine jambo lililokuwa la kawaida, na wakati mwingine ni vigumu kusema kinaonyesha nini. Kazi yangu ya mwisho wa masomo inahusu matumizi yake katika mazungumzo ya wazee wa Katuba na wa komini ya Kenya. Nimewarekodi, na mwenzangu mmoja wa promosheni amenisaidia kuyaandika mazungumzo hayo neno kwa neno.

Sasa, mzee wa Katuba haongei Kiswahili peke yake. Anaanza sentensi kwa Kiswahili, anaingiza neno la Kibemba au la Kiluba, kisha anamalizia kwa Kifaransa cha kazini alichokipata alipokuwa kwenye migodi. Kwa maneno ya Kibemba na Kiluba tuliamua kuweka alama za toni, ili yasichanganywe na ya Kiswahili. Hilo lilikuwa la lazima, maana lugha hizo nazo zina viambishi vyenye -ak-. Bila kuyatenga maneno hayo, hesabu ya kiambishi changu haina thamani. Na hoja yangu yote imesimama juu ya hesabu hiyo: ni mara ngapi mzee anatumia -ak-, ni mara ngapi hatumii, na katika mazingira gani. Hesabu ikikosewa, nitakuwa nimewasingizia watu walionipa alasiri zao nzima bila kudai chochote.

Tatizo lilijitokeza kwa njia ya ajabu. Katika kanda moja nilikuwa nimemsikia mama mmoja mzee akilitaja neno fulani la Kibemba mara mbili. Nikalitafuta neno hilo katika maandishi. Kihariri kikanionyesha mahali pamoja tu. Nikateremka kwa macho mstari kwa mstari, na neno la pili lilikuwepo, limeandikwa vilevile, na alama yake ya toni mahali pake. Macho yangu yaliona maneno mawili yaliyo sawa. Mashine iliona maneno mawili tofauti.

Maelezo yake ni haya. Katika Unikodi, mfumo wa namba unaotumiwa leo kwa maandishi ya dunia nzima, á inaweza kuandikwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni herufi moja iliyo tayari, yenye namba U+00E1. Ya pili ni herufi mbili zinazofuatana: a ya kawaida, kisha alama ya toni peke yake, U+0301, ambayo inapanda juu ya herufi iliyotangulia. Kwenye karatasi na kwenye kioo hakuna tofauti. Ndani ya faili tofauti ipo: ya kwanza ni baiti c3 a1, ya pili ni 61 cc 81. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunatumia kibodi za namna mbili, kila mmoja na njia yake, na wala hakuna kati yetu aliyekuwa na sababu ya kulishuku jambo hilo. Kwa ɛ yenye toni hali ni tofauti: Unikodi haina herufi moja iliyo tayari kwa ajili yake, kwa hiyo kila mwandishi wa Kilingala anayeweka toni analazimika kutumia njia ya pili. Lugha za Ulaya zilipewa herufi zilizo tayari kwa sababu mifumo ya zamani ya kompyuta ilikuwa nazo tangu kale. Sisi tulipewa vipande vya kujiungia wenyewe.

Anayetumia kihariri cha Vim anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake. Aweke kishale juu ya herufi na kubonyeza g kisha a: namba ya herufi itatokea chini ya kioo. Kwa á ya kwanza inatokea namba moja, kwa ya pili zinatokea mbili. Akibonyeza g kisha 8 ataziona baiti zenyewe. Huu ndio uchunguzi wa kwanza ambao ningependa kila mwanafunzi wa isimu aufanye kabla ya kuamini hesabu yoyote ya maneno.

Asistanti mmoja, mtu anayejua isimu na kompyuta pia, aliniandalia programu fupi ya kuiendesha ndani ya Vim. Inapitia mafaili yote, inazirudisha herufi za namna mbili kuwa namna moja, inayatoa maneno yaliyo katika orodha yangu ya Kibemba na Kiluba, kisha inahesabu vitenzi vya Kiswahili vyenye -ak- na visivyo nayo. Aliiandika kwa Vim9, lugha ya programu iliyokuja na toleo la 9 la kihariri hicho, kwa sababu inafanya kazi kwa kasi zaidi kuliko ile ya zamani. Kompyuta yangu, niliyoirithi kwa dada yangu mkubwa, ilikuwa na Ubuntu 20.04. Ndani yake mlikuwa na Vim 8.1. Nilipoiendesha programu ile, Vim ilikataa tangu mstari wa kwanza: neno vim9script haikulijua kabisa.

Rafiki yangu wa kitivo cha Ufundi alitazama mara moja akacheka.

“Yaya, Vim yako iko ya zamani, njo maana inakatala.”

“Niitoshe?”

“Hapana, usitoshe ya zamani. Tutaweka ya mupya pembeni yake.”

Jibu hilo limenifundisha mengi kuliko alivyokusudia, na nitalirudia. Kwanza inafaa kueleza kwa nini kompyuta nzima na nzuri inakuwa na kihariri cha zamani.

Ubuntu 20.04 ilitolewa Aprili 2020. Vim 8.2 ilikuwa imeshatoka Desemba 2019, lakini Ubuntu hiyo ilikuja na Vim 8.1, ya 2018. Si uzembe. Watengenezaji wa mfumo kama huo hukusanya maelfu ya programu, huzijaribu pamoja, kisha hufunga mlango. Baada ya hapo wanatengeneza kasoro na kuziba matundu ya usalama, lakini hawabadilishi matoleo. Wanaahidi uthabiti: kilichofanya kazi leo kitafanya kazi kesho. Kwa hospitali au benki ahadi hiyo ni ya thamani kubwa. Sisi wa lugha tunaijua hali hiyo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoka 1981, na toleo lake la pili likatoka 2004. Katika miaka hiyo 23 watu hawakuacha kuzungumza. Kamusi ilifunga mlango ili iweze kutumika, na nje ya mlango lugha iliendelea na safari yake.

Njia za kupata toleo jipya zilikuwa nne. Ya kwanza ni kubadilisha mfumo wote. Kutoka Ubuntu 20.04 unapita kwanza 22.04, ambayo ina Vim 8.2, isiyonitosha, kisha unafika 24.04, yenye Vim 9.1. Hiyo ni safari ya gigabaiti kadhaa, na mwanafunzi anayenunua mega zake kwa siku au kwa wiki anajua maana yake. Njia ya pili ni kuongeza hazina ya vifurushi ya mtu binafsi, ambaye ametengeneza Vim mpya kwa ajili ya Ubuntu ya zamani. Ni rahisi, lakini kuanzia siku hiyo unampa mtu usiyemjua ruhusa ya kuweka programu kwenye mashine yako kila unapoisasisha. Njia ya tatu ni AppImage, faili moja lenye kila kitu ndani, unalolipakua na kuliendesha bila kusakinisha. Kwa mwenye haraka ni njia nzuri. Ya nne ni kuchukua msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ambayo programu imetengenezwa kwayo, na kuitengeneza mwenyewe.

Nilichagua ya nne kwa sababu mbili. Msimbo chanzo wa Vim ni mdogo kuliko video nyingi tunazotumiana kwa simu, na rafiki yangu alikuwa nao tayari kwenye fleshi. Sababu ya pili ni ya kifilolojia. Tumefundishwa kwamba, ikiwezekana, mtu asome matini ya asili badala ya muhtasari wake. Nilitaka kuona matini ya asili ya chombo ninachoandikia.

Kazi yenyewe ina hatua tatu. Amri ya kwanza, ./configure, inaichunguza mashine: je, kompaila ipo? Maktaba zinazohitajika zipo? Kwangu ilisimama na kusema kwamba haioni maktaba ya terminali. Ilihitajika libncurses-dev, kifurushi kidogo ambacho apt ilikileta kwa muda mfupi. Amri ya pili, make, inaitafsiri kila sehemu ya msimbo kuwa lugha ya mashine na kuziunganisha. Ya tatu, sudo make install, inakipeleka kihariri kilichokamilika mahali pake.

Katikati ya hatua ya pili umeme ulikatika. Betri ya kompyuta yangu ilikufa siku nyingi, kwa hiyo kioo kikazimika papo hapo. Umeme uliporudi usiku, rafiki yangu aliniandikia kwamba nisianze upya: nifute tu kipande cha mwisho ambacho huenda kilikatika katikati, kisha nirudie amri ile ile. Kweli, kazi iliendelea kutoka pale ilipofikia. Make, programu aliyoitunga Stuart Feldman huko Bell Labs mwaka 1976, inalinganisha saa za mafaili: kipande kilichotengenezwa baada ya msimbo wake kubadilishwa mara ya mwisho hakiguswi tena. Sijui kama Feldman aliwahi kufikiria miji ambamo umeme unakuja na kuondoka, lakini wazo lake linatufaa sana.

Kazi ilipokwisha niliandika vim --version. Msomaji wa fonolojia angefurahi kama nilivyofurahi mimi. Chini ya namba ya toleo kuna orodha ndefu ya sifa, na kila sifa ina alama ya kujumlisha au ya kutoa: +spell, +multi_byte, -python3, na nyinginezo nyingi. Ni jedwali la sifa bainifu, kama lile tunalojifunza kwa Jakobson na Halle, ambamo sauti [b] ni fungu la jumlisha na toa. Vim mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana kwa sifa. Kwa mfano, vim.tiny inayokuja na Ubuntu kwa kawaida imenyimwa karibu kila kitu, hata uwezo wa kuendesha programu kama ile ya asistanti. Kwa hiyo kusema “natumia Vim” ni sawa na kusema “naongea Kiswahili”. Bado hujasema ipi.

Sasa narudi kwa neno la rafiki yangu, kuweka mpya pembeni ya ile ya zamani. Vim ya Ubuntu inakaa katika saraka ya /usr/bin. Ile uliyoitengeneza mwenyewe, usipoamua vingine, inakaa /usr/local/bin. Hazigusani. Ukiandika vim, mfumo unapitia orodha ya saraka iitwayo PATH, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na unaichukua Vim ya kwanza unayoikuta. Katika Ubuntu /usr/local/bin inatangulia /usr/bin, kwa hiyo ile mpya inaitika. Ukitaka ya zamani unaiita kwa jina lake kamili, /usr/bin/vim, nayo inakuja bila kinyongo. Kuna jambo moja la kuzingatia: ganda la bash linakumbuka mahali lilipoikuta programu mara ya mwisho, hata baada ya mpya kuwekwa. Linaendelea kukupeleka nyumba ya zamani hadi uliambie lisahau, kwa amri hash -r, au ufungue terminali nyingine.

Jina lenyewe local, yaani la mahali hapa, lilinifanya nifikiri. Waliopanga saraka za Unix waliona tangu zamani kwamba kila mashine itakuwa na vitu vilivyotoka kwenye ugawaji wa jumla, na vitu vilivyotengenezwa papo hapo na wenyeji. Wakavipa vyote nafasi, na utaratibu wa kawaida ni kutazama kwanza vya mahali hapa. Si hivyo mtoto wa Lubumbashi anavyoishi na lugha yake? Nyumbani anasema batoto banacheza, shuleni anaandika watoto wanacheza. Hakuna kilichofuta kingine. Kinachobadilika ni orodha inayopitiwa, na nani anatangulia. Ulinganisho huu una mipaka, kwa sababu ndani ya kichwa cha mtu lugha mbili hazikai katika saraka mbili zisizogusana; mazungumzo ya wazee wangu yanalithibitisha hilo katika kila mstari. Lakini dhidi ya mwalimu anayedhani kwamba kuweka Kiswahili sanifu kunadai kwanza kuitosha ile ya mjini, ulinganisho huu unatosha.

Ukifungua Vim bila faili, katikati ya kioo kunatokea maneno machache: jina la programu, toleo, na mara nyingi ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Wengi huliona kila siku bila kuuliza linatoka wapi. Mtunzi wa Vim, Mholanzi Bram Moolenaar, aliitoa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1991, ikiwa ya kompyuta za Amiga. Mwaka 1994 alikwenda kufanya kazi ya kujitolea Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, katika eneo la Rakai lililokuwa limepigwa vibaya na ukimwi. Alishughulikia maji na usafi katika kituo cha watoto. Aliporudi Uholanzi alianzisha mfuko wa ICCF Holland, na akawaomba watumiaji wa Vim, kama wanaipenda, wauchangie mfuko huo badala ya kumlipa yeye. Ukiandika :help uganda utasoma habari hizo kwa kirefu. Humo limetajwa pia shirika la Kanada linalowasaidia watoto wa Kibaale, na jina lake ni la Kiswahili: Kuwasha. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Vim 9.1, iliyotoka tarehe 2 Januari 2024, imetolewa kwa kumbukumbu yake, na watu wengine wameendelea na kazi.

Naleta habari hii kwa sababu tunapenda kusema kwamba kompyuta ni kitu cha mbali kilichotufikia kikiwa kimekamilika. Si kweli kabisa. Mji wa wakulima wa kanda yetu ya Maziwa Makuu umekaa ndani ya chombo hiki karibu miaka 30, na mtu wa Tokyo au wa Chicago anaweza kuliona ombi la Uganda anapokifungua bila faili. Lakini inafaa pia kutazama tumeingia kwa sura gani: kama watoto wa kusaidiwa. Kama lugha, bado kidogo sana. Hilo halikuwa jukumu la Moolenaar. Ni letu, na chombo alichokiacha kina nafasi tayari.

Nafasi hiyo niliikuta katika ukaguzi wa tahajia, ambao Vim inao tangu toleo la 7 la mwaka 2006. Programu nyingi za kuandikia zinajua makundi mawili tu: neno sahihi na neno la kosa lenye mstari mwekundu. Ukiandika batoto, bintu, baliendaka katika programu yenye kamusi ya Kiswahili, ukurasa wote unageuka kuwa damu. Mwanafunzi anayeandika mazungumzo ya bibi yake anaambiwa na mashine, mstari baada ya mstari, kwamba bibi anakosea. Vim ina kundi jingine. Orodha ya maneno inaweza kugawanywa kwa maeneo, kama Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Neno lisilojulikana kokote linapata rangi ya kosa. Neno lililo sahihi katika eneo jingine la lugha hiyo hiyo linapata rangi nyingine, ya samawati, na jina la kundi hilo ni SpellLocal.

Nilitengeneza orodha mbili ndogo. Moja niliiita sw_TZ, nyingine sw_CD, yaani Kiswahili cha Tanzania na cha Kongo. Amri ya :mkspell ikaziunganisha kuwa faili moja. Nikiandika huku nimechagua eneo la Tanzania, batoto inapata samawati: neno hili ni zima, ila ni la kwingine. Nikichagua eneo la Kongo, inapita bila alama. Nikichagua sw bila eneo, watoto na batoto zote zinapita. Na nikikosea kweli, nikiandika batoot, nyekundu inabaki kwa kazi yake halali.

Walimu wetu wametumia miaka mingi kueleza tofauti hii kwa maneno. Edgard Polomé, aliyefundisha hapa wakati mji ukiitwa Elisabethville, alichapisha mwaka 1968 makala juu ya Kiswahili cha Lubumbashi kama lugha yenye utaratibu wake. Walter Schicho aliandika mazungumzo ya maigizo ya kikundi cha Mufwankolo, kitabu kilichotoka 1981. Johannes Fabian, ambaye naye alifundisha katika chuo chetu, alitoa mwaka 1990 maandishi ya André Yav ya 1965 juu ya historia ya mji huu, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Hakusahihisha tahajia yake. Maneno ya Yav yameunganishwa na kutenganishwa kwa namna isiyofuata kitabu chochote, na ilibidi msemaji wa Kiswahili cha hapa ayasome kwa sauti ndipo yaeleweke vizuri. Lakini namna hiyo ni ushahidi. Laiti mashine ya taipu ya Yav ingekuwa na ukaguzi wa tahajia wa siku hizi, unaobadilisha maneno wenyewe bila kuuliza, leo tungekuwa na maandishi safi, na ushahidi wote ungekuwa umepotea.

Tofauti kati ya kosa na neno la mahali pengine si jambo la adabu tu. Inaamua ni nini kitakachobaki katika faili.

Programu ya asistanti hatimaye ilifanya kazi. Herufi zilirudishwa namna moja, maneno ya Kibemba yaliyokuwa yamejificha kati ya vitenzi vya Kiswahili yakatoka, na hesabu ikabadilika. Kwa yule mama mzee, sehemu ya kile kilichoonekana kuwa wingi wa -ak- ilikuwa Kibemba chake. Sura yangu ya tatu, ambayo ilikuwa bado rasimu, itasema jambo jingine kuliko lile nililotarajia kuandika, na litakuwa la kuvutia zaidi. Orodha yangu ya sw_CD, kwa upande wake, bado ni changa. Lugha inayounganisha viambishi kama yetu haiwezi kutoshelezwa na orodha ya maneno matupu: baliendaka, tuliendaka, muliendaka, na kila kitenzi na nafsi zake. Inahitaji faili la kanuni za viambishi, na kanuni hizo za Kiswahili cha Lubumbashi hazitaandikwa na mtu wa Uholanzi.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili kwa wenzangu na kwa walimu wetu. La kwanza halina gharama. Katika sura ya mbinu za utafiti, pale tunapotaja kinasa sauti na idadi ya wazungumzaji, tuongeze mistari miwili: maandishi yalihifadhiwa kwa kihariri gani na toleo gani, na herufi zenye alama ziliandikwa kwa namna ipi kati ya zile mbili. Atakayetumia data yetu baada ya miaka 20 ataweza kuhesabu tena na kupata tulichopata.

La pili linadai watu. Kila mwaka mafungu ya wanafunzi wa kitivo hiki wanarekodi na kuandika mazungumzo ya mjini, kila mmoja kwenye mashine yake, na baada ya utetezi mafaili yanalala. Tukikubaliana juu ya maandishi matupu, namna moja ya herufi, na orodha moja ya pamoja ya sw_CD ambayo kila kazi mpya inaiongezea, baada ya promosheni chache tutakuwa na kitu ambacho Kiswahili cha Kongo hakijapewa na mtu yeyote. Orodha yangu inaingia kwenye fleshi ndogo kuliko zote. Anayeitaka anifuate kwenye chumba cha semina. Aje na mafaili yake, na tuanze kwa kubonyeza g kisha a juu ya á ya kwanza tutakayoikuta.